Lebo ya Jiko la Philomène

Msomaji wangu, tulipoachana Jumamosi iliyopita, Clotilde alikuwa amesimama katika ua wa chama cha wanawake wapika atieke, lebo ya kijani mkononi, wanawake wa Yassobou wamemzunguka wakisubiri aseme neno. Lebo ile ilikatwa kwenye gunia la atieke, chakula cha chembechembe za muhogo, lililowalaza watu hospitali baada ya karamu ya matanga kule Yopougon, mtaa wa Abidjan. Chini ya jina la kijiji paliandikwa jiko lililopika.

Jiko lenyewe lilikuwa la Philomène. Na Philomène ni dada yake Clotilde, tumbo moja.

"Unasoma nini hapo, mwenyekiti?" aliuliza Bwana Tanoh, mkaguzi aliyetoka Abidjan asubuhi ile na kumkabidhi lebo hiyo.

Clotilde aliigeuza lebo ili maandishi yasionekane.

"Hapasomeki," alisema. "Maji yameingia, wino umevurugika. Nipe mpaka kesho."

Alidanganya mbele ya chama chake. Wino ulikuwa mzima, kila herufi mahali pake.

Bwana Tanoh alimtazama kidogo, kisha akafunga mkoba wake. Hakuwa mtu wa kufoka, na huo upole wake ndio uliowatia watu baridi. Aliwakumbusha kwamba jina la atieke ya Yassobou si pambo la kushonea magunia. Limeandikwa katika sheria. Sheria inasema ni muhogo uliolimwa katika ardhi hii, ukachachushwa na kupikwa na mikono ya hapa. Mgeni akilibandika kwenye gunia lake, ameiba na atashtakiwa. Lakini wenye jina wakiligawa wenyewe, watanyang'anywa.

"Kesho asubuhi chama kinitajie aliyetoa lebo," alisema. "Kisipomtaja, nalisimamisha jina kwa kijiji kizima."

Hapakuwa na mwanamke asiyejua uzito wa maneno hayo. Kabla ya jina, mabepari wa mjini walikuwa wanakuja na bei yao mfukoni, unakubali au unakaa na atieke yako mpaka inachacha. Unga wowote uliopikwa uchochoroni Abidjan uliuzwa kwa jina la Yassobou. Miaka mingi Clotilde alipanda na kushuka ngazi za maofisi kulitafuta jina hilo. Lilipopatikana, wanunuzi walianza kubisha hodi wenyewe. Mabati mapya yaliyokuwa yanang'aa kijijini yalitoka kwenye jina hilo.

Wanawake walitawanyika wakinong'ona. Clotilde aliikunja lebo, akaitia kifuani, akashika njia ya kwenda kwa dada yake.

*

Akiwa bado mbali alijua kuna jambo. Jua lilikuwa kali, siku nzuri ya kuanika, lakini uani kwa Philomène hapakuwa na turubai lililotandazwa. Kikamulio kilikuwa kikavu, utando wa buibui umeziba mdomo wake. Chekeche zilining'inia ukutani zimeshika vumbi. Clotilde alijiuliza ni lini mara ya mwisho alifika hapa mchana, akakosa jibu. Mikutano ilikuwa imemla.

Philomène alitoka ndani na bilauri ya maji. Alimkalisha mdogo wake, akampa anywe, akasubiri amalize. Halafu akauliza kama inavyopasa kumuuliza mgeni:

"Ehe. Habari za huko utokako?"

Siku zote jibu ni kwamba kwema, nimekuja kukusalimu tu. Clotilde aliliruka jibu hilo. Akaingiza mkono kifuani, akaiweka lebo juu ya kigoda.

Philomène aliitazama bila kuigusa.

"Kwa hiyo umefika," alisema.

"Niambie zimeibiwa, dada."

"Hazikuibiwa."

"Niambie hata ziliungua, zilidondoka njiani, sijui nini."

"Nilimpa Meless kwa mkono wangu huu."

Meless ndiye mfanyabiashara wa Dabou mwenye lori la bluu, yule ambaye chama kilimkatalia mara mbili kununua atieke yote ya kijiji peke yake. Clotilde aliuliza kwa nini.

Philomène alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara nyingi akiwa peke yake. Mume wake alipofariki, shemeji zake walingoja arobaini ipite, wakaja na kamba za kupimia. Shamba walisema ni la ukoo wao, na mjane atafutiwa sehemu nyingine. Sehemu nyingine haikupatikana. Pale alipokuwa akichimba muhogo tangu ameolewa, sasa wamepanda miti ya mpira.

"Muhogo wa kununua hapa kijijini haupo, kila mtu ana wake wa kumtosha. Wa kutoka mbali upo tele, lakini wewe ulisimama pale chamani ukasema atakayepika muhogo wa nje ametuua. Nikakusikia. Sijawahi kutia muhogo wa nje kwenye chungu changu hata siku moja, Clotilde."

"Ukatia jina letu kwenye chungu cha Meless."

"Lebo mlikuwa mnanipa kila mwezi, kama wenzangu. Mimi sina cha kuzishonea. Meless akasema nimpe, atanishika mkono. Nikajua atabandika kwenye vitu vyake, ndiyo. Sikujua atapika muhogo mchungu bila kuulaza uchachuke. Hilo Mungu anajua sikulijua."

"Ungeniambia."

"Nikuambie lini? Nilikuja kwako mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na watu wa Abidjan. Mara ya pili ulinipa mkono mlangoni, ukasema unawahi gari." Philomène alichukua bilauri tupu, akaipangusa kwa ncha ya kitenge. "Mlitugawia jina, mdogo wangu. Muhogo hamkutugawia."

Kuku alipita kati yao akidonoa ardhi isiyo na chembe. Huyu dada ndiye aliyemfundisha kuifinyanga atieke mpaka ikawa chembe. Siku Clotilde alipoolewa, ni yeye aliyemfungia chachu ya kwanza katika jani la mgomba, akamwambia asimwombe mama mkwe kitu.

"Kesho utanitaja?" Philomène aliuliza.

Clotilde aliinuka, akaichukua lebo, akaondoka.

*

Nyumbani alikuta ugeni. Lori la bluu lilikuwa limeegeshwa chini ya minazi, na barazani, Meless alikuwa amekaa na Nomel, mume wa Clotilde, wanakula ndizi za kukaanga na samaki kama watu wa nyumba moja.

"Shemeji mwenyekiti," Meless alisema akijilamba vidole, "kaa. Nimekuja na dawa ya kichwa chako."

Clotilde alibaki wima. Akamwambia waziwazi kwamba ameshajua lebo zilikotoka na zilikokwenda.

Meless hakushtuka. Alisema ndiyo maana amekuja. Yeye hana haja ya kuona mjane akiadhirika, wala kijiji kikinyang'anywa jina. Njia ipo nyepesi. Dereva wake, Issouf, ndiye hubeba magunia na huingia katika kila ua. Aseme nani kwamba Issouf hakuzichomoa lebo, akapika uchafu wake na kuuza kwa siri? Bwana Tanoh atapata mtu wake, Philomène atalala kwake, jina litabaki. Yeye Meless anaomba kitu kimoja tu: kuanzia sasa chama kimuuzie yeye, yeye peke yake.

"Issouf amekubali?"

"Issouf ataulizwa nini? Mtu wa Burkina yule. Nani atamlilia?"

Clotilde alimgeukia mumewe. Nomel alikuwa anachambua miiba ya samaki kwa uangalifu mkubwa.

"Meless anaongea jambo la akili," alisema bila kuinua macho. "Dada yako ni damu. Yule ni mpita njia."

"Mpita njia ana watoto watatu wanasoma na wa kwetu."

"Basi mtaje dada yako uone kama utazikwa na watu."

Meless alinawa mikono, akashukuru kwa chakula. Akiwa anapanda lori alisema hana haraka, ila kesho jibu asilisikie kwa watu wengine.

Usingizi ulimpata Clotilde alfajiri tu. Asubuhi alipoamka, kitanda upande wa pili kilikuwa kimekwishapoa. Nomel alitangulia.

*

Ua wa chama ulikuwa umejaa kuliko siku ya kupokea jina. Clotilde alijipenyeza, na alipofika mbele aliona kwamba Meless hakuwa amengoja jibu lake.

Issouf alikuwa amekalishwa chini, pingu mikononi, shati limechanika begani. Askari wa Dabou alisimama juu yake. Meless alikuwa anawaeleza watu kwa masikitiko jinsi alivyomwamini kijana huyu na jinsi alivyozikuta lebo chini ya kiti cha lori asubuhi hii hii. Nomel alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni.

"Nilijua tu," mwanamke mmoja alisema. "Atieke ataijulia wapi?"

"Wanakuja hapa kula jina letu," mwingine alidakia. "Warudishwe kwao."

Walikuwa wanawake wale wale ambao Issouf huwabebea magunia bila kuombwa, huwapitishia dawa kutoka mjini, huwasalimia kwa majina ya watoto wao. Sasa hakuna aliyemtazama usoni. Jina walilolipigania ili mabepari wasiwaibie, leo wanalitumia kumfukuza mchukuzi. Clotilde aliona hivyo, akaona aibu.

Huko nyuma kabisa, karibu na mlango, Philomène alikuwa ameketi amejifunika kitenge kichwani.

"Mwenyekiti," aliita Bwana Tanoh. "Ndivyo ilivyo?"

Issouf aliinua macho. Alimtazama Clotilde kama mtu anayesubiri dawa iingie, akijua inaweza isifanye kazi.

Clotilde alihesabu moyoni atakachopoteza. Akaona hakihesabiki.

"Sivyo," alisema.

Minong'ono ilikatika.

"Lebo hazikuibiwa. Jana nilikuambia hapasomeki, nilikudanganya. Panasomeka vizuri. Ni lebo za jiko la Philomène, dada yangu. Alizitoa mwenyewe, akampa Meless. Meless ndiye aliyepika, na Meless ndiye aliyeuza. Huyu kijana mfungueni."

Mtu mmoja alipiga kite cha uchungu, kama mahali penye msiba. Shangazi yao mkubwa aliyekuwa mstari wa mbele alimtemea Clotilde mate miguuni, akasema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kuzaliwa katika ukoo wao mtoto wa kumuuza nduguye. Clotilde hakujifuta.

Philomène aliinuka kule nyuma. Watu walimpisha. Alikuja mpaka mbele, akakitoa kitenge kichwani.

"Amesema kweli," alisema. "Nilimpa."

Meless alicheka kidogo. Alisema wanawake hawa wamepangana, wanasheria wake watalimaliza jambo hili mjini, na yeye ana shughuli zake. Alipenya katikati ya watu hadi kwenye lori, akapanda, akafunga mlango kwa kishindo.

Lori halikuwaka. Watu walimwona akipapasa mifuko, akipapasa chini ya usukani.

"Funguo ninazo mimi, bosi," Issouf alisema pale chini, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Uliniambia nishuke upesi, nikashuka nazo."

Hapo kwa mara ya kwanza watu walicheka, kicheko kifupi cha aibu. Askari alimfungua Issouf, akaenda na pingu zile zile mpaka kwenye lori.

*

Clotilde alidhani mabaya yamekwisha. Alimgeukia Bwana Tanoh akitegemea, kama si sifa, walau pumzi.

Bwana Tanoh alimwambia kwamba lebo ile alikwishaisoma kabla ya kumkabidhi.

"Nilitaka nione chama chenu kina mwenyekiti au kina dada tu," alisema. "Nimeona. Nashukuru. Wagonjwa wa Yopougon nao wanaendelea vizuri, isipokuwa mama mmoja ambaye bado yuko kwenye dripu. Lakini sasa nina swali jingine, na hili si la Philomène peke yake. Kama yeye hana shamba, wangapi wengine hawana?"

Wanawake walianza kutazama ardhi, mmoja baada ya mwingine, hata wale waliokuwa wakipayuka sana. Mmoja alisema muhogo wake huupata kwa binamu yake ng'ambo ya mto. Mwingine alisema waume zao wamegeuza mashamba kuwa ya mpira kwa sababu mpira hauhitaji kupaliliwa na hauombi maji ya kuoshea. Clotilde aliwasikiliza akashangaa. Mambo haya hayakuwahi kufika mezani kwake, au yalifika naye hakuwa na muda.

"Jina ni la ardhi," Bwana Tanoh alisema. "Muhogo ukiwa wa ng'ambo, jina limekufa, hata kama mikono ni yenu. Nionyesheni mashamba. Leo. Nikiona muhogo wa kukitosha chama, nitaandika kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja. Nisipouona, nalisimamisha."

Clotilde alihema. Hapo angalau alikuwa na jibu. Alikuwa na shamba chini ya kilima, kubwa kuliko yote ya wanachama, alilogawiwa siku ya ndoa. Tangu shughuli za jina zimzidi alikuwa hajalikanyaga. Nomel alijitolea kuliangalia na alimwambia muhogo umeshafika kiunoni.

"Tuanze na langu," alisema. Kisha akamgeukia dada yake mbele ya wote. "Na huko chini nitakukatia sehemu. Utalima na kupika kama zamani, chama kikikurudisha."

Philomène alijifunga kitenge kiunoni. Alijiunga na msafara.

Ndipo Nomel alipotoka kwenye kundi, akasimama mbele ya mkewe.

"Usiwapeleke huko," alisema.

"Kwa nini?"

"Njia ni mbaya. Wapeleke shambani kwa mama Esmel kwanza."

"Njia naijua, Nomel. Nimeipita na mimba zako nne."

Alimpita. Mkaguzi alifuata, wanawake wakafuata, hata Issouf aliyekuwa akisugua vifundo vyake vya mikono alifuata. Waliteremka kilima. Clotilde alikuwa anatembea mbele akimweleza Bwana Tanoh habari za udongo wa pale, jinsi unavyoutoa muhogo bila kukatika. Alipofika kwenye kona alikatisha maneno.

Shamba lilikuwa safi, limelimwa vizuri. Hapakuwa na muhogo hata shina moja. Miche ya mpira ilisimama kwa mistari iliyonyooka toka juu mpaka mtoni, kila mmoja umefika gotini, majani yake mapya mekundu yanatikisika. Pembeni ilirundikwa mifuko myeusi iliyobebea miche, na vigunia vya mbolea vyenye chapa ya duka la Meless.

Wanawake walisimama nyuma yake.

Philomène alikuja akasimama kando yake, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakisimama walipokuwa wasichana. Hakumlaumu. Alimshika mkono tu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mwenyekiti," Bwana Tanoh alisema kwa upole, "hili ni shamba la nani?"

Clotilde aliuachia mkono wa dada yake. Aliingia shambani, akainama kwenye mche wa kwanza, akaushika shina kwa mikono miwili.

"Clotilde." Ilikuwa sauti ya Nomel, kutoka juu ya kilima. Wala hakupiga kelele. "Hiyo miche ni deni langu kwa Meless. Ukiung'oa mmoja, usirudi nyumbani kwangu."

Mche ulitoka na mizizi yake yote, udongo ukamdondokea miguuni. Clotilde aliuweka chini, akasogea, akaushika wa pili.